Kabla ya kulaumu friji, itazame kompyuta

Uniti zikiisha kabla ya mwezi kuisha, friji ndiyo hushtakiwa kwanza. Inafuata pasi, kisha mtoto anayesahau kuzima taa ya chooni, kisha mpangaji wa chumba cha uani anayesemekana kupikia jiko la umeme kwa siri. Kompyuta iliyo kwenye kona ya sebule, inayounguruma tangu asubuhi kwa sababu kuna mtu "anairudia sasa hivi", haitajwi kabisa.

Zamani kuisahau hakukuwa na madhara, maana nyumba nyingi hazikuwa nayo. Siku hizi mwalimu anatungia mitihani nyumbani, mwanachuo anasoma usiku kucha, kijana anahariri video za harusi chumbani kwake, na mhasibu wa kampuni ndogo anafungia hesabu mezani pa chakula. Kompyuta imekuwa mwanakaya, na kama mwanakaya yeyote, ina chakula chake.

Chakula hicho kina uzito wa pekee kwa nyumba ambazo TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, imeziweka kwenye kundi la matumizi madogo, D1. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi ya 75 ndani ya mwezi. Kuanzia ya 76, bei inaruka hadi shilingi 350. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya wakala wa umeme vijijini, REA, na asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA. Anayepitiliza mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, hata ya kwanza, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo hizo.

Kwa hiyo swali la nyumba ya D1 si kompyuta inakula uniti ngapi tu, bali pia inazila upande gani wa mstari wa 75.

Chukua nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi kwa friji, taa, feni na televisheni. Ikaongezwa kompyuta ya mezani ambayo, pamoja na skrini yake, inavuta wati 100, nayo ikaachwa ikiwaka saa 10 kwa siku. Wati 100 kwa saa 10 ni uniti moja kamili, yaani uniti 30 kwa mwezi. Nyumba imefika 90. Uniti 15 za kwanza kati ya hizo 30 zitagharimu shilingi 1,500, na 15 zilizovuka mstari shilingi 5,250. Jumla ni shilingi 6,750 kabla ya kodi, na jina la mteja limeanza kunyemelea T1.

Sasa weka kompyuta mpakato mahali pake. Mpakato wa kawaida unaotumika kuandika na kuperuzi intaneti huvuta kama wati 30. Ukiwashwa saa 6 kwa siku, zile ambazo mtu yupo mbele yake kweli, unakula uniti 5.4 kwa mwezi. Nyumba inabaki chini ya 66, na gharama ya mpakato ni shilingi 540 kabla ya kodi.

Tofauti hiyo imetokana na vitu viwili, aina ya mashine na saa za kuwaka. Aina ya mashine hubadilishwa kwa fedha ambazo wengi hawana. Saa zinaweza kubadilishwa leo jioni, na asiye na mpakato anaweza kuanzia hapo.

Ulaji wa mashine unaweza kupimwa bila kifaa chochote cha kununua. Mita nyingi za luku zina kitaa chekundu kinachomweka kadiri umeme unavyopita, na pembeni yake imeandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti. Namba ya kawaida ni 1000. Mita yenye namba hiyo ikimweka mara moja, saa-wati moja imepita. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji ikiwemo, uache kompyuta peke yake. Hesabu mimweko kwa dakika 6, kisha zidisha kwa 10. Jibu ni wati. Mimweko 10 ni wati 100, mimweko 3 ni wati 30.

Mtu akifanya hivyo ataona pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye chaja haisemi mashine inakula nini. Chaja ya wati 65 inaweza kutoa hadi 65, lakini mpakato uliojaa betri unaofungua barua tu huvuta sehemu ndogo ya hizo. Ukianza kuhariri video, hesabu inapanda papo hapo.

Kipimo hicho hicho kinaumbua imani kadhaa za mtaani. Ya kwanza ni kwamba kuzima na kuwasha kompyuta mara kwa mara kunakula umeme kuliko kuiacha iwake. Mashine ikivuta wati 150 kwa dakika nzima wakati wa kuamka, imetumia saa-wati 2.5. Kompyuta ya mezani iliyoachwa bila kazi kwa wati 60 inamaliza kiasi hicho kwa dakika mbili na nusu. Anayekwenda kula chakula cha mchana ana kila sababu ya kuizima au kuilaza.

Ya pili ni ile michoro inayocheza kwenye skrini mtu akiondoka, samaki wanaoogelea au nyota zinazokimbia. Ilibuniwa enzi za skrini nene za kioo, ambazo picha ikikaa muda mrefu mahali pamoja iliacha kivuli cha kudumu. Kazi yake ilikuwa kulinda kioo. Umeme haiokoi hata kidogo, maana skrini inaendelea kuwaka na prosesa inaendelea kuchora.

Ya tatu ni mandhari nyeusi. Skrini nyingi za kompyuta zilizo majumbani ni za LCD, ambazo taa yake ya nyuma huwaka vilevile, picha iwe nyeusi au nyeupe. Weusi unasaidia kwenye skrini za OLED tu, ambazo kila nukta hujiwashia mwanga wake, na hata huko inategemea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipopima simu za OLED mwaka 2021 waligundua kwamba mwangaza ukiwa asilimia 100, weusi uliokoa asilimia 39 hadi 47 ya umeme. Kwenye mwangaza wa asilimia 30 hadi 50, ambao watu wengi huutumia ndani ya nyumba, uokoaji ulikuwa asilimia 3 hadi 9. Mwenye LCD hupata faida kwa kupunguza mwangaza, si kwa kubadili rangi.

Kinachookoa kwa uhakika ni kuifundisha mashine kulala yenyewe. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilianzisha nembo ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kubandikwa zilikuwa kompyuta na skrini zake. Lakini mipangilio ya kulala hubadilishwa kwa urahisi. Fundi anayeweka Windows upya mara nyingi huizima ili isimkatize kazi, na mwenye mashine hairudishi.

Menyu ya kuzimia ina njia mbili za kulaza. Iliyoandikwa Sleep huzima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya muda, RAM, inayoendelea kupewa umeme ili kazi ibaki ilivyoachwa. Mashine inavuta wati chache tu. Iliyoandikwa Hibernate hunakili kazi yote kwenye diski kisha huzima kabisa. Nchi ambazo umeme haukatiki zinaweza kuishi na ya kwanza. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, mahali ambapo transfoma ya mtaa huweza kulipuka bila taarifa, ya pili ndiyo salama. Umeme ukikatika usiku, ripoti iliyoandikwa nusu itakutwa asubuhi ilipoachwa. Kwenye Windows nyingi, Hibernate imefichwa, na hurejeshwa kwenye mipangilio ya nishati.

Kukatika huko kusichanganywe na uhaba. Mgao uliowasumbua Watanzania mwishoni mwa 2023 ulianza kulegea baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuingia gridi Februari 2024. Bwawa hilo la Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Umeme wa kutosha kwenye gridi, hata hivyo, haushushi bei ya uniti ya 76. Wakenya nao wana mistari yao. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ni ya wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, kisha kuna daraja la hadi 100, na juu yake la bei kubwa zaidi.

Kuna pia vitu vinavyoizunguka kompyuta. Ruta ya intaneti ya wati 10 inayowaka usiku na mchana inakula uniti 7.2 kwa mwezi, zaidi ya ule mpakato wa saa 6 kwa siku. Ikizimwa saa 8 za usiku, nyumba inaokoa uniti 2.4. Spika na UPS nazo hubaki zimechomekwa siku nzima, kila moja ikivuta wati chache.

Mwanasayansi Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, ndiye aliyeufanya ulaji huu mdogo usioonekana kuwa hoja ya kimataifa. Mwaka 1998 alipendekeza kifaa kilichozimwa kwa rimoti au kitufe kisivute zaidi ya wati 1. Umoja wa Ulaya uliufanya ukomo huo kuwa sheria kwa vifaa vingi mwaka 2010, na mwaka 2013 ukaushusha hadi nusu wati. Kwa kanuni za aina hiyo, chaja mpya ya mpakato iliyosahaulika kwenye soketi haina kubwa la kumfanyia mtu. Kwa nusu wati, mwezi mzima inakula uniti 0.36. Vifaa vya zamani havikujengwa kwa kanuni hiyo, na dawa yake ni ekstensheni yenye swichi, ambayo kwa kidole kimoja huzima kompyuta, skrini, spika na printa.

Printa ya leza ina tabia yake. Ili kuyeyusha wino wa unga ugande kwenye karatasi, hupasha rola hadi nyuzi 200 hivi za Selsiasi, na inapochapa huweza kuvuta mamia ya wati. Nyumba inayochapa karatasi chache kwa wiki itapata nafuu kwa printa ya wino wa maji, au kwa kutuma faili steshenari. Kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta, kadi ya picha ya RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, peke yake imepewa kiwango cha wati 450. Saa tatu za mchezo unaoikamua vilivyo ni uniti 1.35, bila kuhesabu skrini wala kiyoyozi kinachopambana na joto lake.

Anayekwenda Kariakoo kutafuta kompyuta ya mezani iliyotumika ana jambo moja la kuuliza kabla ya bei, nalo ni umri wa prosesa. Baadhi ya Pentium 4 za mwaka 2004 zilipangiwa joto la hadi wati 115. Core 2 Duo zilizozifuata mwaka 2006 zilipangiwa 65 na zilifanya kazi zaidi. Skrini nayo isisahauliwe: nene ya inchi 17 inaweza kuvuta wati 70 au zaidi, wakati ya LED ya inchi 24 huishia kwenye 20 na kidogo. Ikiwashwa saa 8 kwa siku, tofauti ya wati 50 kati ya skrini hizo mbili ni uniti 12 kwa mwezi. Kwa mteja wa T1 ni zaidi ya shilingi 3,500 kabla ya kodi, kila mwezi, kwa skrini ambayo muuzaji alikuwa tayari kuitoa bure kama nyongeza.