Kupanda Kitonga Bila Kuchemsha

Wakishapita Ruaha Mbuyuni, pale vitunguu vinapouzwa kando ya barabara na mibuyu inapotanda pande zote, madereva wa malori huanza kuitazama geji ya joto zaidi kuliko wanavyoitazama saa. Mbele yao ni Mlima Kitonga, mkoani Iringa. Lami hujikunja ubavuni mwa mlima, mwamba upande huu, korongo upande ule, na semi-trela zenye mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo hupanda taratibu, nyingine kwa kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Lori moja likichemsha kwenye kona, foleni hufunga juu na chini.

Njia hii haikuanza kuelemewa jana. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na mafuta yake yakaanza kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia barabara ya vumbi na matope iliyopachikwa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970, tena reli ikaikwepa Kitonga kabisa kwa kupitia Mlimba hadi Makambako. Malori hayakuwa na pa kukwepea.

Bonde la Ruaha liko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ilula, baada ya mlima, inapita mita 1,300. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kufika tani 56. Kupandisha tani hizo mita 800 kunahitaji dizeli kama lita 30, mbali na ile inayoliwa na matairi na upepo. Injini nzuri ya dizeli hugeuza kuwa kazi kiasi cha asilimia 40 tu ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta. Iliyobaki ni joto. Sehemu hutokea ekzosi, na sehemu nyingine kubwa ni lazima ibebwe na maji hadi kwenye rejeta, la sivyo chuma kitaharibika.

Jua husingiziwa sana hapa. Ni kweli lina mchango wake: maji yakiwa nyuzi 95 na hewa ya nje nyuzi 20, tofauti ni nyuzi 75, lakini hewa ikifika nyuzi 35 tofauti inabaki 60, yaani rejeta imepoteza sehemu moja kati ya tano ya uwezo wake. Ndiyo maana wazoefu hupenda kuukabili mlima alfajiri au usiku. Hata hivyo mkosaji mkubwa zaidi ni mwendo. Tambarare ya Mikumi, kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe unaipoza rejeta. Kitonga upepo huo haupo, na upepo wa mlimani ukivuma kutoka nyuma ya lori ni hasara tupu. Kazi yote inabaki kwa feni na wota pampu.

Vifaa hivyo viwili huzungushwa na injini yenyewe, na hapo ndipo mguu wa dereva unapoingia. Anayeng'ang'ania gia kubwa mpaka injini inalemewa anaidai nguvu nyingi huku feni na pampu vikizunguka polepole. Anayeshusha gia mapema, kabla lori halijaanza kufa mwendo, anapata mizunguko mingi, maji yanakimbia, hewa inavutwa. Dereva mgeni husikia kelele za gia ndogo akadhani anaitesa injini. Anayeitesa ni yule mwenzake aliye kimya kwenye gia kubwa.

Mambo mengine huamuliwa gereji, siku nyingi kabla ya safari. Chukua mfuniko wa rejeta, kifaa ambacho bei yake haifikii hata tairi chakavu. Pwani maji yasiyofunikwa huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa Ilula, karibu nyuzi 95 tu. Mfuniko mzima hubana presha, na ule wa baa 1 huyafikisha karibu nyuzi 120 kabla hayajachemka. Mpira wake ukichoka, presha inavuja na kinga hiyo yote imekwenda. Kuna pia vumbi na mbegu za nyasi zinazoziba mapezi ya rejeta. Hizo hutolewa kwa maji au hewa kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa presha ndogo, maana mapezi hulala upesi.

Halafu kuna themostati, vali inayofunguka maji yakipata moto, ambayo mafundi wengi wa mitaani huing'oa na kuitupa kwa imani kwamba maji yatapita vizuri zaidi. Ushauri huo umeua injini nyingi. Katika injini kadhaa za malori themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Na injini isipochemsha mlimani, basi huko tambarare itafanya kazi ikiwa baridi mno, huku ikila mafuta mengi na kujilia vyuma vyake.

Maji ya bomba au ya mtoni nayo huacha gamba la chokaa kama lile la ndani ya birika, na kwenye slivu za silinda huruhusu vishimo vidogo vinavyokua mpaka maji yakaingia kwenye oili. Kulanti iliyochanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji huzuia yote mawili, na huchelewesha kuchemka.

Sindano ya geji ikipanda mlimani licha ya yote hayo, dereva hupunguza moto wa mafuta, hushuka gia na kuzima kiyoyozi. Ikizidi, hutafuta pa kuegesha na kuiacha injini ikizunguka bila mzigo, juu kidogo ya mzunguko wake wa chini kabisa, ili feni imalize kazi. Kuizima ghafla huacha joto limejifungia kwenye silinda hedi na tabo. Lakini maji yakiwa yameshamwagika, huzimwa papo hapo, na hapo geji haiaminiki: kihisio kikibaki kwenye mvuke, sindano inaweza hata kushuka wakati chuma kinaungua. Mfuniko haufunguliwi mpaka utingo aweze kuushika kwa mkono mtupu, na maji baridi hayamiminwi kwenye injini ya moto, kwa sababu hedi hupasuka. Mawe yaliyowekewa matairi yaondolewe barabarani lori linapoondoka. Pikipiki nyingi zimeyakuta usiku.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba geji inaweza kupanda pia wakati wa kuteremka. Baadhi ya malori mapya yana ritada, kifaa cha oili kinachopunguza mwendo bila breki za magurudumu, na joto la kuzuia tani zote zile hupelekwa kwenye maji yaleyale ya rejeta. Dereva anayerudi Dar es Salaam na shaba ya Zambia anatakiwa kuteremka Kitonga kwa gia ndogo na mizunguko ya kutosha, kwani joto likizidi ritada hupunguza nguvu yenyewe na kuziachia breki za magurudumu mteremko wote.