Sauti ya Mbele na Sauti ya Nyuma

Mzazi apitaye Boulevard de la Libération mjini Bunia huyaona madukani makatoni makubwa yenye picha ya televisheni na masanduku matano au sita ya sauti. Bidhaa nyingi za namna hiyo hufika kwa malori kutoka Uganda, kwa njia ya Mahagi, na kila kituo cha safari huongeza bei. Watoto huzitamani sana. Baba naye, akikumbuka karo ya shule, hunyamaza. Twapenda kumwambia baba huyo kwamba ikiwa nyumbani mwake imo stereo ya zamani, yenye amplifaya na spika mbili nzima, basi sehemu kubwa ya sinema ile anayo tayari.

Tueleze kwanza asili ya jambo. Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein aliudhiwa na sinema za siku zile: mchezaji alisimama upande mmoja wa pazia, na sauti yake ikatoka upande mwingine. Mwaka huohuo akaomba hati ya uvumbuzi wake, kupeleka sauti kwa njia mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kwa kuwa binadamu ana masikio mawili. Hiyo ndiyo stereo.

Sasa, maneno ya msemaji huwekwa kwa kawaida sawasawa katika njia zote mbili, na kwa hiyo twayasikia kana kwamba yatoka katikati. Lakini mvua, makofi ya umati na mwangwi wa ukumbi havilingani kushoto na kulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani David Hafler, wa kampuni ya Dynaco, alionyesha jinsi ya kuitoa tofauti hiyo kwa waya tu, bila mashine nyingine. Na tangu miaka hiyohiyo ya 1970 watengenezaji wa sinema walizoea kuificha sauti ya nyuma ndani ya tofauti hiyo. Imo, yangoja kutolewa.

Kinachotakiwa ni spika mbili ndogo za omu 8, hata zilizokwisha kutumika, na waya wa kutosha kuzunguka chumba. Spika za mbele zibaki kama zilivyo. Zima mashine na uichomoe katika umeme. Toa waya kutoka tundu jekundu la kushoto la amplifaya hadi tundu jekundu la spika ya kwanza ya nyuma. Unganisha tundu jeusi la spika hiyo na tundu jeusi la mwenzake. Kisha toka tundu jekundu la spika ya pili urudi kwenye tundu jekundu la kulia la amplifaya. Waya wa spika za nyuma usiguse kamwe tundu jeusi la amplifaya.

Hapa twaomba msomaji asifanye haraka. Amplifaya nyingi ndogo za leo, na karibu redio zote za magari, haziunganishi ndani matundu yake mawili meusi. Hizo zikifungwa hivi zaweza kuungua. Fundi mwenye kipimo cha omu atalijua jambo hilo kwa dakika moja, na ujira wake ni mdogo kuliko bei ya amplifaya. Tena asome maandishi ya nyuma ya mashine: spika za mbele ziwe za omu 8, na amplifaya iwe yenye kukubali omu 4, kwa sababu mzigo wake sasa umeongezeka. Sauti isifunguliwe mpaka mwisho. (Jirani naye atashukuru.)

Spika za nyuma ziwekwe pembeni mwa wasikilizaji, nyuma yao kidogo, juu ya usawa wa kichwa. Zikipiga kelele mno, zigeuzwe zitazame ukuta.

Umeme usimtie mtu hofu. Mwenye mwanga wa jua na betri ya volti 12 na ampea-saa 100 anazo wati-saa 1200, ingawa betri ya risasi yafaa itumiwe nusu tu. Stereo inayokula wati 60 kwa saa mbili hutumia wati-saa 120, na spika hizo mbili za nyuma hazihitaji waya wa umeme wala betri yao.

Kazi ikiisha, fungulia habari za Radio Okapi, na kitufe cha kugawa kushoto na kulia kiwe katikati. Msomaji wa habari asikike mbele, na nyuma kuwe karibu kimya. Akisema kwa nguvu nyuma, zima upesi: waya mmoja umeingia tundu jeusi. Kukiwa kimya, tia sinema yenye mvua, waite watoto waketi.