Mwanya wa Tairi na Fenda: Neno Moja, Vipimo Viwili

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha matengenezo ya gari aghalabu huanza kwa kuyaogopa majina ya vyuma. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa sababu mafundi wetu wamekwisha vipa vyuma hivyo majina, na mengi ya majina hayo, kama ekseli, springi, bushi na bampa, yameota mizizi. Taabu iko katika maneno yanayotaja mahali pasipokuwa na kitu. Katika makala hii tumekusudia kuzungumzia mahali pamoja pa namna hiyo, yaani uwazi ulio kati ya tairi na bati linalolifunika, hasa pale ambapo uwazi wa upande mmoja wa gari haulingani na ule wa upande wa pili.

Mfano wetu ni MGB, gari dogo la spoti la Kiingereza lililotengenezwa mjini Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Mengi ya magari hayo yaliuzwa Marekani, na yaliyosalia huko na Uingereza hutunzwa na wenyewe kwa mapenzi makubwa. Lalamiko la kwamba tairi moja la nyuma limekaribia fenda kuliko mwenzake ni la kawaida miongoni mwao. Hapa mfasiri atahadhari mapema na neno kuukuu. Kitu kikuukuu ni kitu kilichochakaa, na mtu aliyelipaka gari lake rangi upya na kuling'arisha kila chuma hatapendezwa kulisikia likiitwa hivyo. Gari la kale latosha. Waingereza wenyewe hutenga jina maalumu kwa magari yaliyotengenezwa baina ya mwaka 1919 na 1930, na MGB haimo katika kundi hilo. Kwa hiyo mfasiri asikubali kila neno la uzee liwe na tafsiri moja.

Bati lenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Vitabu vya Uingereza huliita kwa neno lile lile wanalolitumia kwa bawa la ndege, na tumewahi kusoma tafsiri moja iliyomwagiza fundi 'achunguze bawa la nyuma'. Vitabu vya Marekani huliita fenda, na neno hilo ndilo lililoshika katika gereji nyingi. Neno madigadi, ambalo nalo lilitokana na Kiingereza, limekaa zaidi kwenye baiskeli na kwenye vifaa vya kuzuia tope lisiruke. Sisi tungependelea matumizi haya yaachwe yalivyo: fenda iwe ni sehemu ya bodi juu ya gurudumu, na madigadi iwe ni kinga ya tope. Katika MGB fenda za mbele zimefungwa kwa bolti, lakini za nyuma zimeunganishwa na bodi kwa kuchomelewa. Mfasiri anayeandika 'fungua fenda' pasipo kutazama ni ya mbele au ya nyuma anamtuma fundi akatafute bolti ambazo hazipo.

Tuje sasa kwenye uwazi. Maneno yanayojitokeza kwanza ni pengo, nafasi na mwanya. Pengo tunaliondoa. Mtu aliyeng'oka jino ana pengo, kwa maana kitu kilichostahili kuwapo hakipo. Lakini mwenye mwanya hakupotewa na jino lolote, meno yake yalikaa hivyo tangu kuumbwa, na wengi huuhesabu kuwa ni uzuri. Uwazi wa tairi na fenda umewekwa makusudi na mchoraji wa gari, kwa hiyo ni mwanya. Nafasi tunaihifadhi kwa kazi nyingine. Gari likiwa limesimama, kilichopo na kinachopimika kwa rula ni mwanya. Gari likiwa katika mwendo, likipita shimoni na abiria wamo, tairi hupanda kuelekea fenda, na lile eneo ambalo tairi linalihitaji ili lisiguse kitu ndilo nafasi. Gari laweza kuwa na mianya isiyolingana kabisa na nafasi ikawa ya kutosha. Laweza pia kuwa na mianya inayolingana, lakini nafasi isitoshe kwa sababu mwenyewe amevalisha matairi mapana kupita kiasi. La kwanza ni suala la sura. La pili ni la hatari, maana tairi linalokwaruzwa ubavuni kila gari linapoinama huliwa kidogo kidogo hata likapasuka barabarani. Kitabu cha Kiingereza huyasema yote mawili kwa neno moja, na mfasiri asipoyatenga, msomaji wake hana njia ya kujua lipi linalozungumzwa.

Mwanya wenyewe nao una pande mbili za kupimwa. Ekseli ya nyuma ya MGB ni mhimili mmoja mgumu unaobeba magurudumu yote mawili, nayo imefungwa juu ya springi mbili, kila moja ikiwa ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi hizo ndizo zinazobeba uzito, na ndizo hizo hizo zinazoizuia ekseli isihame ubavuni; kiwandani haikuwekwa fito nyingine ya kazi hiyo. Springi moja ikilegea, gari hulala upande huo, na tairi huonekana limeingia chini ya fenda. Huu tunapendekeza uitwe mwanya wa wima. Lakini bushi za mpira zikichakaa, au ekseli ikifungwa vibaya juu ya springi, mhimili wote husogea kulia au kushoto, tairi moja likaingia ndani na la pili likatokeza nje, ijapokuwa gari limesimama sawa kabisa. Huu ni mwanya wa ubavu. Aliyeandikiwa tu kwamba 'nafasi ya tairi na fenda si sawa' atanunua springi mpya wakati kilichochoka ni bushi, au vibaya zaidi, ataikata fenda isiyo na kosa.

Katika mwanya wa ubavu kuna mtego wa hesabu. Tuseme mwanya wa kushoto ni milimita 30 na wa kulia ni milimita 18. Tofauti ya mianya ni milimita 12, lakini ekseli imehama kwenda kulia kwa milimita 6 tu, kwa kuwa kila inachopoteza upande mmoja hukiongeza upande wa pili. Tofauti na mhamo ni vitu viwili, na kila kimoja kistahili neno lake. Zaidi ya hayo, hesabu hiyo ni sahihi endapo fenda zenyewe zimekaa sawa. Katika gari lililowahi kugongwa na kuchomelewa fenda upya, yamkini ekseli iko mahali pake na bati ndilo lililohama. Ndiyo maana fundi mwangalifu hupima pia kutoka kwenye vishikizo vya springi vilivyoko chini ya bodi.

Jambo linalotusumbua zaidi ni majina ya pande. Mwingereza husema upande wa karibu na upande wa mbali. Wa karibu ni ule wa ukingo wa barabara, ambao kwake, kama ilivyo kwa Tanzania na Kenya, ni wa kushoto. Mmarekani hupenda kusema upande wa dereva, naye dereva wake huketi kushoto. Basi sentensi isemayo kwamba springi ya upande wa dereva huweza kulegea kabla ya mwenzake, kwa kuwa gari la watu wawili mara nyingi huendeshwa na mtu mmoja peke yake, huelekeza kwenye springi ya kulia katika gari la Uingereza na ya kushoto katika gari hilo hilo lililouzwa Marekani. Msomaji wa Kiswahili aweza kuwa Arusha, aweza kuwa Bujumbura, ambako magari hupita kulia. Ushauri wetu ni kutumia kulia na kushoto peke yake, kwa kumchukulia mtu aliyeketi ndani akitazama mbele, na kulitamka sharti hilo mwanzoni mwa kitabu.

Limebaki neno moja dogo. Ukingo wa fenda juu ya tairi hukunjwa kwa ndani ili bati lisiwe na makali, na mara nyingi ni mkunjo huo unaoligusa tairi la upana uliozidi. Mafundi hulazimika kuulaza ubapane na bati. Hatujasikia jina lake lililokubalika, na katika rasimu zetu tumekuwa tukiandika 'ukingo uliokunjwa wa ndani wa fenda', maneno sita kwa kitu chenye upana wa kidole. Washona nguo wanalo neno kwa pindo lililokunjwa hivyo hivyo: upindo. Tunaliweka mbele ya wasomaji, upindo wa fenda, wingi pindo za fenda.