Kabla Hujaita Lori, Punguza Vitu

Nilipofika Theta miaka tisa iliyopita nilikuja na godoro, jiko la gesi, sufuria tatu na mbuzi ya kukunia nazi. Vyote viliingia kwenye pikapu moja na nafasi ikabaki. Mwaka huu nilipotaka kurudi nyumbani Mombasa, mwenye lori alikuja kuangalia mzigo. Alisimama mlangoni, akatazama chumba hadi chumba, kisha akaniambia, "Mama, hapa lori moja halitoshi."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili. Sikuamini. Lakini alipofungua kabati la jikoni na kuona mikebe ya plastiki iliyopandana hadi juu, hata mimi nilicheka. Nikamwomba anipe wiki tatu.

Naandika haya kwa sababu najua wapwani wengi wako bara kama nilivyokuwa mimi. Kuna waliofuata kazi za viwandani Ruiru na Thika, kuna wanaosoma au kufundisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, na kuna walioolewa huko. Siku moja mtu hurudi, au huhamia mtaa mwingine, na siku hiyo ndipo anapojua amekusanya nini. Nitaeleza nilivyopunguza vitu, na sitaficha kosa moja nililofanya ambalo nusura linikosanishe na dada yangu.

Piga hesabu kwanza

Kutoka Theta hadi Mombasa ni karibu kilomita 500. Lori linateremka Ruiru, linashika barabara ya Eastern Bypass, linatokea barabara ya Mombasa, kisha ni safari ya siku nzima au usiku kucha. Bei hufuata ukubwa wa gari na umbali. Kwa hivyo kila kitu unachopakia unakinunua mara ya pili.

Mimi nilishika kila kitu kikubwa nikajiuliza: kama leo ningekuwa sina hiki, ningekwenda dukani Mombasa kukinunua? Kabati la mbao laini lililokwisha kulegea misumari lilijibu lenyewe. Meza ya plastiki nayo vivyo hivyo. Jokofu lilipita mtihani, na kitanda cha mninga kikapita.

Kumbuka hali ya hewa

Hili wengi hulisahau. Theta iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba kuna baridi ya kuingia mifupani, na sisi watu wa pwani huiona mara mbili. Nilikuwa na mablanketi mazito saba, makoti, soksi za sufu na mabuti ya matope ya msimu wa mvua.

Mombasa vitu hivyo havina kazi, na vinaharibika. Unyevunyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye blanketi na koti la ngozi lililofungiwa sandukuni. Chumvi ya hewani hula chuma: rafu za bati na viti vya chuma chepesi vilivyokaa salama bara miaka mingi vitashika kutu pwani kwa muda mfupi. Nilibakisha blanketi moja kwa kila mtu, kwa siku tutakapopanda tena bara. Mengine niliyagawa kwa majirani, na mwezi wa sita walinipigia simu kunishukuru.

Anza pasipo na machozi

Usianze na picha wala barua za zamani. Utakaa chini, utafungua moja, jua litatua. Anza jikoni, kisha bafuni, kisha nguo, kisha karatasi. Vitu vya kumbukumbu viwe vya mwisho, wakati mkono umeshazoea kuamua.

Nilitenga mafungu manne sakafuni: vya kwenda, vya kuuza, vya kutoa na vya kutupa. Kanuni yangu ilikuwa kwamba kitu nikishakishika hakirudi kilipokuwa, lazima kiingie fungu mojawapo. Vya kuuza niliviuza mapema, kwa sababu wiki ya mwisho kila mnunuzi anajua una haraka, na bei ataitaja yeye.

Vya kutoa navyo vina adabu zake. Nguo iliyochanika usimpe mtu ukajisemea umetoa sadaka. Nilifua, nikapiga pasi, nikakunja, ndipo nikagawa. Kiatu cha mguu mmoja ni taka.

Vya kutupa vinataka akili. Dawa zilizopita muda usizitie chooni wala usiwaachie watoto wa jirani jalalani. Muulize mfamasia wa karibu kama atazipokea. Betri na simu mbovu usizichome pamoja na taka nyingine, moshi wake ni sumu. Televisheni nene za zamani zina madini ya risasi kwenye kioo chake, kwa hivyo usiivunje uani. Itafutie fundi au wanaokusanya taka za umeme. Na simu unayoitoa ikiwa inawaka, ondoa laini, futa kila kitu, ndipo uiachie.

Kuhusu mifuko ya kufungashia, tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, hata kwa vitu vya nyumbani. Nilikusanya makatoni madukani na kutumia leso na shuka zangu kufungia vyombo vya udongo na glasi. Hivyo nilipakia nguo na kulinda sahani kwa wakati mmoja.

Karatasi na vitabu

Vitabu vya shule vilinijaza katoni nne. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, kwa hivyo vile vitabu vya marudio vya darasa la saba na la nane havina mwanafunzi tena. Vya kidato cha nne vya mfumo wa 8-4-4 vinaweza kumfaa mtu hadi kundi la mwisho litakapofanya KCSE 2027. Hivyo nilimpa kijana wa jirani. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili nilivirudisha vyote Mombasa. Hivyo havipitwi na mtaala.

Karatasi nilizigawa mara mbili. Za kudumu ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, hati za ardhi na kadi za chanjo za watoto. Hizi hazipandi lori kabisa. Ziliingia mkoba mmoja, na mkoba haukutoka begani kwangu. Za muda ni stakabadhi. Kumbukumbu za kodi ya serikali sheria inataka uziweke miaka mitano. Risiti za kodi ya nyumba zishike mpaka mwenye nyumba akurudishie amana yako. Kadi za NHIF, kwa kuwa huduma ilihamia SHA tangu Oktoba 2024, hazina haja ya kukujazia mkoba. Bora uhakikishe umesajiliwa upya. Karatasi zenye nambari ya kitambulisho au ya benki usizitupe nzima, zichane.

Fungu la tano

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Mama alikuja kukaa nami Theta alipoanza kuugua, na huko ndiko alikofariki. Sanduku lake lilibaki chini ya kitanda changu. Ndani mlikuwa na leso zake, nyingine bado hazijakatwa, buibui mbili, chetezo na bangili moja ya fedha. Ile wiki ya pili nilikuwa nimechoka, na mkono ulikuwa umeshazoea kutoa. Jirani yangu, mama wa Kikuyu aliyemuuguza mama kama wa kwake wakati mimi nikiwa kazini, nilimpa jozi tatu za leso na kile chetezo. Nilihisi nimefanya jambo jema.

Jioni nikamsimulia dada yangu mkubwa kwa simu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Vitu vya mama umevigawa bila kutuuliza? Chetezo kile kilikuwa cha bibi." Akakata simu.

Alikuwa na haki. Vitu vya marehemu havikuwa vyangu kwa kuwa vilikaa chini ya kitanda changu. Kwa sisi Waislamu, mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote. Nayo Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza mtu kujichukulia au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Watu hudhani hayo ni mambo ya nyumba na mashamba. Chetezo nacho ni mali, na kina wenyewe.

Asubuhi nilirudi kwa jirani. Sijawahi kwenda mlango wa mtu na uso mzito namna ile. Nilimweleza ukweli wote. Hakuuliza swali. Aliingia ndani, akatoka na leso zimekunjwa na chetezo kimefutwa majivu, akaniambia, "Mpigie dada yako, mwambie vipo."

Usiku ule tulizungumza wote watatu, mimi, dada na kaka yetu aliye Malindi. Tuliorodhesha kila kilichokuwemo sandukuni. Chetezo kikaenda kwa dada, bangili kwa kaka amwekee bintiye, nami nikachukua buibui. Na ni dada mwenyewe aliyesema yule jirani apewe jozi mbili za leso mpya, kwa jina la sisi sote. Nilimpelekea, na safari hii nilikwenda na uso mweupe.

Tangu hapo naongeza fungu la tano: visivyo vyangu. Kinaingia cha marehemu, cha mume, cha mtoto mkubwa, cha rafiki aliyekiweka kwako "kwa siku mbili". Fungu hilo halitolewi, haliuzwi wala halitupwi mpaka mwenyewe aulizwe. Lianze mapema, maana simu za familia haziishi siku moja.

Siku za mwisho

Umeme wa tokeni nunua kidogo kidogo wiki ya mwisho, kwa sababu unaobaki kwenye mita utabaki na nyumba. Pika unga, maharage na viungo ulivyo navyo badala ya kuvisafirisha. Jokofu lizime siku moja kabla, likauke. Mtungi wa gesi haupandi treni. Mimi na watoto tulisafiri kwa Madaraka Express kutoka Syokimau, na mtungi niliuuza Theta.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katoni ilipata nambari, na kwenye daftari nikaandika kilichomo. Zilikuwa katoni 23. Zilipofika Mombasa tulihesabu 23.

Lori lilikuwa moja, na nyuma palibaki nafasi ya mtu kusimama. Yule mwenye lori alitikisa kichwa, akaniuliza vile vingine vimekwenda wapi. Nikamwambia kila kimoja kimekwenda kwa mwenyewe.