Kwinini ya Amani na Metali ya Paladi

Juu ya Muheza, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 Taasisi ya Amani ya utafiti wa mimea na kilimo. Miongoni mwa miti ya kigeni iliyopandwa huko ulikuwamo msinkona, ambao asili yake ni milima ya Andes. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, maganda ya mti huo yaliwapatia askari wao kwinini.

Mwalimu akiichora molekuli ya kwinini ubaoni, wanafunzi wataona sehemu mbili zilizounganishwa na atomu moja ya kaboni. Kila sehemu ina pete ambamo nitrojeni imeshika nafasi ya kaboni. Pete za namna hiyo, tuziite pete mseto, zimo katika dawa nyingi mno.

Kazi ngumu ni kupachika kitu kipya kwenye pete mahali panapotakiwa tu. Paladi, metali adimu iliyo ndugu ya platini, hujipenyeza kati ya kaboni ya pete na atomu ya bromini iliyowekwa hapo kwa makusudi. Kisha hupokea kaboni nyingine iliyobebwa na boroni, huziunga kaboni hizo mbili, nayo hutoka kama ilivyoingia, tayari kuanza upya. Ndiyo maana kiasi kidogo chatosha. Kwa miungano ya jamii hii Heck, Negishi na Suzuki walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Lakini nitrojeni ya pete ina jozi ya elektroni, nayo huelekea kuing'ang'ania paladi na kuidhoofisha. Lindlar, mwaka 1952, alitumia kwinolini, yaani pete ileile iliyomo katika kwinini, pamoja na risasi, ili kuipunguza paladi makali kwa makusudi. Wanakemia wa baadaye waliizungushia paladi molekuli kubwa zenye fosforasi, zikailinda.

Hivyo, mwaka 2004, maabara ya Jacobsen huko Harvard iliunga kwa paladi vipande viwili vikuu vya kwinini. Jambo la kuchekesha ni kwamba hatua iliyofuata ilihitaji msaada wa molekuli za ukoo wa kwinini yenyewe! Njia hiyo ni ndefu na ghali. Kwinini ya madukani bado hutoka kwenye maganda. Faida yake ni kwamba ajuaye kuiunga pete aweza pia kuibadili, na haja ipo: klorokwini, yenye pete hiyohiyo, Tanzania iliiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimekwisha kuizoea.