Kumwona Daktari wa Saratani kwa Simu

Ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu tunauita kansa, humfanya mgonjwa awe mwenyeji wa hospitali. Leo anakwenda kupimwa damu, wiki ijayo kuwekewa dripu ya dawa, mwezi unaofuata kusikiliza majibu. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, safari hizo zenyewe ziligeuka kuwa hatari. Mwezi huu tunaeleza jinsi kliniki za saratani za Marekani zilivyoanza kwa haraka kuwaona wagonjwa kwa simu, maana yapo hapo mafunzo yanayoifaa familia yoyote yenye mgonjwa wa namna hiyo.

Hofu ilitoka wapi?

Dawa nyingi za saratani huua chembe zinazokua upesi. Bahati mbaya, chembe zinazotengeneza damu ndani ya uboho nazo hukua upesi, hivyo nazo huumia. Chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, hupungua, na mgonjwa hubaki bila kinga ya kutosha.

Mwezi Februari 2020 madaktari wa China walitoa taarifa ya wagonjwa 1,590 wa UVIKO-19. Kati yao, 18 walikuwa na saratani au waliwahi kuiugua. Katika hao 18, asilimia 39 walizidiwa vibaya, hata kuhitaji chumba cha wagonjwa mahututi au kufariki. Kwa wale wasio na saratani ilikuwa asilimia 8. Watu 18 ni wachache, lakini taarifa hiyo ilitosha kuwafanya madaktari waulize: je, ni lazima mgonjwa huyu aketi kwenye benchi la kliniki pamoja na watu wanaokohoa?

Mlango ulivyofunguliwa

Marekani ina bima ya serikali kwa ajili ya wazee, iitwayo Medicare. Kabla ya hapo bima hiyo ililipia matibabu ya mbali kwa masharti magumu. Kwa kawaida mgonjwa alitakiwa awe wa vijijini, tena aende kwanza kwenye kituo cha afya ndipo aongee na daktari kwa njia ya video. Nyumbani kwake hapakuhesabiwa. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba bima italipia hata akiwa nyumbani.

Punde ikaonekana kasoro. Wazee wengi hawakuwa na simu ya video, au waliishi mahali penye mtandao hafifu. Kwa hiyo tarehe 30 Aprili 2020 ikatangazwa kwamba mazungumzo ya simu ya kawaida, ya sauti tu, nayo yatalipwa sawa na mgonjwa aliyefika kliniki. Bila hatua hiyo, matibabu ya simu yangekuwa ya wenye nacho.

Yapo ya maneno, yapo ya mikono

Kazi kubwa ya kliniki ilikuwa kuchambua orodha ya wagonjwa. Aliyekuwa akimeza vidonge na hali yake imetulia, aliyesubiri majibu ya vipimo, aliyetaka kueleza jinsi dawa inavyomsumbua, hao waliweza kuongea na daktari wakiwa nyumbani. Mgonjwa aliweza kupima uzito na joto lake mwenyewe na kuonyesha kidonda au vipele kwenye kioo cha simu. Aidha, wakati hospitali nyingi zilipokataza wasindikizaji, mtoto anayeishi mji mwingine aliweza kuingia katika mazungumzo na kusikia habari za mama yake.

Lakini dripu haipiti katika simu. Wala mionzi, wala upasuaji, wala vidole vya daktari vinavyotafuta uvimbe kwapani au tumboni. Kwa hayo mgonjwa alipaswa kufika.

Yafaa tukumbuke kwamba jambo hili halikuzaliwa na UVIKO-19. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Kansas kilianzisha kliniki ya saratani kwa njia ya televisheni kati ya jiji la Kansas City na mji wa Hays, ulio mbali zaidi ya kilomita 400. Tofauti ni kwamba kule Hays mgonjwa alikwenda hospitali ya karibu, na muuguzi akawa naye. Daktari alitumia macho yake, na muuguzi alitumia mikono. Mwaka 2020 mgonjwa alibaki nyumbani, na ile mikono haikuwepo.

Hasara iliyofichika

Simu ilimsaidia yule aliyekwisha kujulikana kuwa anaumwa. Haikumsaidia yule ambaye saratani yake ilikuwa haijagunduliwa. Marekani ina mpango wa serikali wa kuwapima wanawake wenye kipato kidogo na wasio na bima ya kutosha. Mwezi Aprili 2020 vipimo vya saratani ya matiti katika mpango huo vilishuka kwa asilimia 87, na vya mlango wa kizazi kwa asilimia 84, vikilinganishwa na wastani wa mwezi huo katika miaka mitano iliyotangulia. Watu waliogopa ugonjwa mmoja, na mwingine ukapata nafasi ya kukua kimyakimya.

Sisi tufanye nini?

Hapa kwetu mgonjwa huweza kusafiri siku nzima au zaidi kufika Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Nauli na malazi humchosha kuliko hata dawa. Hivyo yafaa familia imwulize daktari waziwazi: ni mahudhurio yapi lazima tufike, na yapi twaweza kupiga simu? Kipimo cha damu chaweza kufanyika hospitali ya karibu na majibu yakatumwa? Namba ipi tupige usiku?

Mkikubaliana kuongea kwa simu, fanyeni hivi:

1. Andikeni maswali kabla, na majina ya dawa zote anazotumia, hata za miti shamba.

2. Pimeni joto na uzito siku hiyo. Ikiwezekana, mgonjwa awe zahanati pamoja na muuguzi, ili daktari aliye mbali apate mikono ya kumsaidia.

3. Tafuteni mahali pa faragha. Mgonjwa mwenyewe aseme nani asikilize. Simu ya familia isiwe sababu ya siri yake kutangazwa.

4. Mtu mmoja aandike maagizo na kumsomea daktari kabla ya kukata simu.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku ya miadi. Mgonjwa aliye katika dawa za dripu akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura. Asipewe dawa ya kushusha homa na kuambiwa alale hadi asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hana maumivu. Vivyo hivyo akitokwa damu isiyokoma, akishindwa kupumua vizuri, akitapika hata maji, au akipata maumivu ya mgongo na miguu ikalegea ghafla. Pigeni simu mkiwa njiani, msiketi kungoja ipokelewe.

Na mama anayehisi uvimbe kwenye titi, au anayetokwa damu nje ya siku zake, asitosheke na ushauri wa simu. Huyo anahitaji kuonwa na kupimwa kwa mikono, na mapema. Simu itaokoa nauli ya yule aliyekwisha pimwa. Kwa yule ambaye bado, tumsaidie kupata nauli ya kwenda.