Je, Wajua? Mganda na Nyuzi 16

Wanakwaya wa Igowole, Mufindi, wanaohangaika na nota za kinanda wana ndugu wa kimuziki aliyefika mbali: Justinian Tamusuza, mtunzi Mganda aliyezaliwa 1951. Alisomea muziki Belfast, akachukua udaktari Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na kufundisha Makerere. Mwaka 1992 Kronos Quartet, kundi la fidla mbili, viola na selo, jumla nyuzi 16, lilitoa albamu Pieces of Africa, na utunzi wake ukiwemo. Albamu hiyo ilishika namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa klasiki, na pia ile ya muziki wa dunia. Ajabu ni kwamba katika utunzi wa Tamusuza ala zote ni za Ulaya, lakini mapigo yanapokezana Kiganda kabisa.